Mwongozo Kamili: Kuzunguka Rutland Water kwa Baiskeli Wakati wa Matope ya Mwisho wa Majira ya Baridi

Kila mwaka, kuanzia mwanzoni mwa Februari hadi katikati ya Machi, wasomaji wanaoishi Leicester, Peterborough na miji ya jirani nchini Uingereza huuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: kwa nini walishindwa kumaliza mzunguko wa ziwa la bwawa la Rutland Water ambao wakati wa kiangazi waliumaliza bila shida. Mmoja cheni yake ilikwama kabla hajafika kijiji cha Egleton, mwingine alikufa ganzi vidole akashindwa kubana breki, na mwingine giza lilimkuta karibu na kijiji cha Manton akiwa hana taa. Wote walikuwa na miguu yenye nguvu za kutosha. Kilichowashinda ni maandalizi ya siku moja kabla, saa waliyoondoka, na namna walivyoyaendea matope yenyewe, na hayo ndiyo mambo ambayo mwongozo huu unayashughulikia.

## Njia ilivyo na sababu ya matope yake

Njia inayozunguka ziwa ina urefu wa takriban kilomita 27 ukiiacha rasi ya Hambleton, na takriban kilomita 37 ukiijumuisha. Sehemu kubwa imetandazwa kokoto zilizosagwa, vipande vingine vina lami, na watembea kwa miguu wanaitumia pamoja na waendesha baiskeli. Tatizo haliko katika njia bali katika ardhi inayoizunguka, ambayo ni udongo wa mfinyanzi. Udongo wa namna hiyo ndio uliotumika kujengea tuta la bwawa, kwa kuwa haupitishi maji. Mvua za Novemba hadi Januari zikishaulowesha, maji hayana pa kuzama, hivyo hutiririka juu yake, huingia njiani yakiwa yamebeba tope, na hujikusanya katika kila bonde dogo.

Mwishoni mwa majira ya baridi huongezeka jambo la pili. Usiku, maji yaliyomo katika udongo wa juu huganda, yakaupanua na kuulegeza. Mchana, jua huyeyusha sentimita chache za juu huku chini kukiwa bado kumeganda au kumejaa maji, na tabaka hilo la juu hubaki kama uji mzito. Ndiyo sababu mahali palipokuwa pagumu saa tatu asubuhi huenda pakawa hapapitiki saa saba mchana. Aliyezoea matope ya masika huko nyumbani asidhani kwamba anayajua haya, kwa sababu matope ya masika ni ya vuguvugu na hayakuibii uwezo wa kutumia mikono.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Kusanya kila kitu siku moja kabla, ukiviweka pamoja mahali pamoja, ili asubuhi usipoteze mwanga wa siku ukitafuta soksi.

- Baiskeli yenye tairi za upana wa milimita 38 au zaidi, zenye meno. Baiskeli ya mbio za lami haifai. Kuteleza ni sehemu ndogo ya tatizo. Kubwa zaidi ni kwamba nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu huziba tope ndani ya dakika chache, na gurudumu likasimama.
- Madigadi mawili, mradi yawe na nafasi ya kutosha juu ya tairi. Madigadi yanayobana ni mabaya kuliko kutokuwa nayo kabisa.
- Tyubu mbili mpya, viraka, pampu na vijiti vya plastiki vya kung'olea tairi. Sababu ya kubeba tyubu mbili badala ya moja imeelezwa katika hatua ya 7.
- Oili ya cheni iliyotengenezwa kwa ajili ya hali ya mvua. Oili nyepesi ya kiangazi huoshwa na maji kabla hujafika nusu ya njia.
- Kijiti cha mbao au spoku kuukuu ya kukwangulia tope.
- Taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, zote zimechajiwa. Sheria ya Uingereza inataka taa ziwake barabarani kuanzia machweo hadi macheo, nawe utapita barabarani angalau kidogo.
- Glovu jozi mbili, soksi jozi mbili na fulana moja ya ziada, vyote vikavu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.
- Chupa yenye kifuniko cha kufunika mdomo wake, pamoja na chakula kilichofungwa kimoja kimoja, kama vile ndizi au vipande vya mkate wenye siagi ya karanga.
- Simu iliyojaa chaji, ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu betri hupoteza nguvu haraka kwenye baridi. Namba ya dharura ni 999.
- Vya kubaki nyumbani: ndoo mbili, brashi laini na ngumu, sabuni ya kuoshea vyombo, na matambara makavu.

## Hatua ya 1: Chagua siku na saa ya kuondoka

Watu wengi hutazama utabiri wa siku yenyewe tu, na hapo ndipo wanapokosea. Tazama pia siku mbili zilizotangulia. Siku isiyo na mvua inayofuata siku mbili za mvua kubwa ni mbaya kuliko siku ya manyunyu iliyotanguliwa na ukavu, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi huchelewa sana kuachia maji.

Siku nzuri ni ile ambayo usiku wake ulikuwa mkavu na wa baridi, na ambayo joto la asubuhi liko kati ya nyuzi 1 na 5. Joto likiwa chini ya sifuri, subiri hadi lipande. Ni kweli kwamba tope lililoganda hubeba tairi vizuri, lakini barafu nyembamba juu ya lami na juu ya madaraja ya mbao haionekani, na hakuna tairi ya kawaida inayoweza kuishika.

Mwishoni mwa Februari jua huchomoza mnamo saa moja kasoro dakika kumi asubuhi na kuzama mnamo saa kumi na moja na nusu jioni. Saa za Uingereza hazisogezwi mbele hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo usitegemee jioni ndefu. Ukiwa umezoea mwendo wa kilomita 15 kwa saa wakati wa ukavu, hesabu kilomita 9 au 10 kwa saa katika matope. Hiyo ina maana ya takriban saa tatu za kuendesha kwa mzunguko mfupi na takriban saa nne kwa mzunguko mrefu, kabla hujaongeza muda wa kula, wa kukwangua tope na wa pancha.

Ondoka saa tatu asubuhi. Ikipita saa nne hujaondoka, amua papo hapo kwamba utafanya mzunguko mfupi, wala usiubadilishe uamuzi huo ukiwa njiani.

## Hatua ya 2: Andaa baiskeli jioni ya siku iliyotangulia

Nafasi ya tope. Pitisha kidole kati ya tairi na fremu, kati ya tairi na foku, na kati ya tairi na madigadi. Kidole kisipopita kwa urahisi, tope litakwama hapo. Legeza madigadi uyainue, au uyang'oe ukubali kulowa.

Upepo wa tairi. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi za milimita 40 zenye tyubu aanze na PSI 35 nyuma na 32 mbele. Mwenye tairi za inchi 2.2 aanze na 25 nyuma na 22 mbele. Mzito zaidi aongeze PSI moja kwa kila kilo tano. Tairi yenye upepo pungufu kidogo hutandaza meno yake juu ya ardhi na kushika, ilhali iliyojazwa sana hukata tope na kuzama. Hata hivyo usishuke chini sana ya viwango hivi, kwa sababu rimu itagonga jiwe na kuitoboa tyubu pande mbili kwa mara moja.

Cheni. Ifute kwa tambara kavu hadi tambara litoke safi. Kisha dondosha tone moja moja la oili kwenye kila pingili, upande wa ndani wa cheni, huku ukizungusha pedali kinyumenyume taratibu. Iache ilale hivyo usiku kucha, na asubuhi ufute kwa nguvu oili yote iliyobaki nje. Oili inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani ya pingili. Iliyobaki nje hukamata mchanga, na mchanga uliochanganyika na oili husaga chuma.

Breki. Inua gurudumu, lizungushe, ubane. Linapaswa kusimama mara moja bila mkono wa breki kufika kwenye usukani. Ikiwa breki zako ni za mipira inayobana rimu, hakikisha mipira ina unene wa kutosha kabla ya safari, kwa kuwa tope lenye mchanga huweza kumaliza sehemu kubwa ya mpira kwa siku moja. Huu ndio ukaguzi ambao watu huuruka mara nyingi, na ndio wenye hatari kubwa zaidi.

Maandalizi yamekamilika ikiwa ukiiinua baiskeli kwa sentimita chache na kuidondosha husikii kitu kinachogonga, na cheni inazunguka karibu bila sauti.

## Hatua ya 3: Vaa kwa ajili ya saa ya mwisho

Ukiwa umesimama nje kabla ya kuanza, unapaswa kusikia baridi kidogo. Anayeanza akiwa na joto zuri atatoka jasho ndani ya dakika ishirini, nalo jasho hilo litakuja kumpoza vibaya atakaposimama kuziba pancha.

Vaa nguo ya ndani ya sufu au ya kitambaa cha michezo, halafu nguo ya joto, halafu jaketi jepesi linalozuia upepo na maji. Usivae pamba mwilini, kwa sababu ikilowa haikauki na huendelea kunyonya joto. Miguuni, soksi za sufu zinapasha joto hata zikiwa na maji.

Mikono ina umuhimu wa pekee. Mikono ikifa ganzi huwezi kubana breki, kubadilisha gia, kung'oa tairi wala kubonyeza simu, yaani umepoteza kila njia ya kujiokoa kwa wakati mmoja. Badilisha glovu zikianza kulowa ndani, wala usingoje hadi vidole vipoteze hisia.

## Hatua ya 4: Chagua mahali pa kuanzia kwa kufuata upepo

Upepo wa kawaida katika sehemu hii ya Uingereza hutoka kusini-magharibi, na juu ya ziwa pana hakuna kitu cha kuuzuia. Kanuni ni moja: pambana nao ukiwa bado na nguvu, ili ukusukume ukiwa umechoka.

Kwa hiyo, ukija kwa gari, anzia Whitwell iliyoko ufukwe wa kaskazini, penye maegesho ya kulipia na duka la kukodisha baiskeli, kisha uelekee magharibi huku ziwa likiwa mkono wako wa kushoto. Nusu ya kwanza, kupitia Barnsdale hadi upande wa Egleton, itakuwa ngumu. Lakini ukishapita Manton na kugeukia mashariki, upepo utakuwa mgongoni mwako katika ufukwe wote wa kusini.

Ukija kwa treni kutoka Leicester au Peterborough, utashukia Oakham, ambayo iko magharibi mwa ziwa. Fuata mwelekeo uleule wa kuliweka ziwa kushoto, ukianza na Egleton na Manton, huku ukijua kwamba ufukwe wa kaskazini utaupitia mwishoni ukiwa dhidi ya upepo. Weka akiba ya nguvu na chakula kwa ajili yake. Nafasi za baiskeli ndani ya treni ni chache, hivyo uliza mapema badala ya kufika stesheni ukiwa na matumaini tu.

Upepo ukitabiriwa kutoka mashariki, jambo ambalo hutokea mara kwa mara wakati huu wa mwaka, kuanzia Oakham ndiko kunakofaa kwa kila mtu.

## Hatua ya 5: Endesha ndani ya matope kwa utaratibu huu

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, nayo inastahili kusomwa polepole.

Badilisha gia kabla ya kuingia. Chagua gia nyepesi ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, ingia kwa mwendo wa wastani, na zungusha pedali mfululizo bila kusukuma kwa ghafla. Tairi ya nyuma huteleza pale nguvu inapokuja kwa mikupuo. Baki umeketi, kwa kuwa ukisimama uzito huhamia mbele na gurudumu la nyuma hupoteza mshiko.

Tazama mita kumi mbele. Anayetazama gurudumu la mbele hufanya marekebisho madogo madogo ya usukani, na kila rekebisho katika tope ni nafasi ya kuanguka. Shika usukani bila kuukaza, uache gurudumu litafute njia yake kidogo.

Pita katikati ya dimbwi. Katikati, chini ya maji, kuna kokoto zilizoshindiliwa. Pembeni kuna udongo mtupu. Anayekwepa dimbwi huzama kwenye ukingo na huupanua mwaka hadi mwaka, mpaka njia ikageuka kuwa kinamasi cha mita tano. Ingia polepole kiasi cha kuweza kusimama endapo kuna shimo ambalo hukuliona, wala usimrushie maji mtembea kwa miguu.

Bana breki mapema na kwa upole. Tumia zote mbili, ukiegemea zaidi ya nyuma kwenye utelezi. Baada ya kutoka kwenye dimbwi, zibane kidogo huku ukiendelea kukanyaga ili kuzikausha, kwa sababu breki iliyolowa huchelewa kushika.

Vuka vitu vinavyoteleza kwa pembe ya mraba. Njiani utakutana na vizuizi vya mifugo vilivyotengenezwa kwa vyuma vilivyolazwa juu ya shimo, na kwenye misitu utakutana na mizizi. Nyoosha baiskeli kabla ya kufika, acha kukanyaga, acha kubana breki, na pita bila kugeuza usukani. Mtu anayekata chuma kilicholowa kwa mshazari huanguka kabla hajajua kilichotokea.

Sikiliza cheni. Ikianza kusaga au kuruka meno, simama. Kwangua tope kwenye sproketi na kwenye kibadilisha gia cha nyuma, kisha mimina maji kidogo. Ukilazimisha, kibadilisha gia huvutwa ndani ya spoku na kuvunjika, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia porini. Utatembea kwa miguu hadi mwisho.

Gurudumu likiacha kuzunguka, beba baiskeli. Kuisukuma juu ya udongo wa mfinyanzi kunaongeza tope kwenye fremu kila hatua. Ibebe begani hadi penye kokoto, ikwangue, kisha uendelee. Kutembea mita mia mbili kwa namna hiyo ni sehemu halali ya safari, na mara nyingi ni haraka kuliko kubishana na tope.

Utaratibu huu unafanya kazi ikiwa baada ya saa ya kwanza gurudumu la nyuma linateleza mara chache tu, na kupumua kwako bado kunakuruhusu kuongea sentensi nzima.

### Onyo kuhusu chupa na chakula

Kondoo hulishwa kando ya njia, na tope linaloruka usoni mwako lina samadi yao. Mnamo Julai 2008, washiriki wengi wa mashindano ya baiskeli za milimani huko Builth Wells, Wales, waliugua kuhara kulikosababishwa na bakteria aina ya campylobacter, na uchunguzi uliunganisha ugonjwa huo na tope walilomeza. Ndiyo sababu chupa inahitaji kifuniko. Vua glovu kabla ya kula, shika chakula kwa ganda au karatasi yake bila kukigusa, na futa mdomo kwa kitambaa safi kwanza.

## Hatua ya 6: Gawanya mzunguko katika vipande na uamue kuhusu Hambleton

Kutoka Whitwell hadi Barnsdale kuna mlima mfupi wenye miti. Shuka upande wa pili kwa uangalifu, kwa sababu kivuli cha msitu huhifadhi unyevu na majani yaliyooza hufunika mizizi. Baadaye njia hukaribia barabara kuu iendayo Oakham na huwa ngumu zaidi. Tumia kipande hiki kula na kupasha mikono.

Ukifika mahali njia ya Hambleton inapochepuka, tazama saa. Ikiwa imepita saa sita na nusu mchana, au ikiwa umeshasimama zaidi ya mara mbili kukwangua tope, acha rasi hiyo. Hambleton ina vilima vifupi vikali na misitu isiyofikiwa na jua la Februari, na matope yake ni mabaya kuliko popote pengine katika mzunguko huu. Maoni yangu ni kwamba anayekuja wakati huu wa mwaka kwa mara ya kwanza aiache kabisa, airudie mwezi wa Mei. Ukiingia kisha ukashindwa, panda hadi kijiji cha Upper Hambleton kilicho katikati ya rasi, ambako barabara ya lami itakurudisha hadi kwenye njia kuu.

Kati ya Egleton na Manton unapita kando ya hifadhi ya ndege. Usitoke nje ya njia hapa hata kama ukingo unaonekana mkavu. Kuanzia katikati ya Machi hurejea kutoka Afrika Magharibi tai wala-samaki ambao mradi wa kuwarudisha ulianza hapa mwaka 1996, na baadhi yao huweka viota karibu na Manton. Kondoo wa kipindi hiki wana mimba kubwa au wameanza kuzaa, hivyo punguza mwendo, usiwakimbize, na acha kila lango kama ulivyolikuta.

Ufukwe wa kusini una kupanda na kushuka, lakini upepo utakusaidia. Kanisa la Normanton lililosimama ukingoni mwa maji ndilo alama kwamba sehemu ngumu imekwisha. Hapo pana huduma za choo na chai, ingawa saa za majira ya baridi ni fupi na si vizuri kuzitegemea. Baada yake unavuka tuta la bwawa lenye urefu wa takriban mita 1,200, ambalo ni tambarare lakini liko wazi kabisa; funga jaketi kabla ya kulipanda, maana ukishafika juu, upepo hukufanya usitake kusimama tena. Kisha ni Sykes Lane, eneo la wageni kwenye ufukwe wa kaskazini, na Whitwell haiko mbali.

Mahali popote ukianza kutetemeka bila kukoma, au mwenzako akianza kuongea kwa kujikokota na kujikwaa, safari imekwisha. Tafuta kinga ya upepo, vaa nguo kavu, kula kitu chenye sukari, na piga simu uje kuchukuliwa. Mtu aliyepoa kiasi hicho mara nyingi husisitiza kwamba yuko sawa, usimsikilize.

## Hatua ya 7: Ziba pancha za miiba

Nchini Uingereza wakulima hukata nyua za miti ya miiba katika miezi ya baridi, kabla ya katazo linaloanza tarehe 1 Machi ili kuwalinda ndege wanaotaga. Matokeo yake ni kwamba mwezi wa Februari vijia vingi vinavyopakana na mashamba huwa vimetapakaa miiba mipya, tena imefunikwa na tope.

Ukipata pancha, toka kwenye upepo kwanza, weka glovu kavu utakazozihitaji baadaye ndani ya jaketi ili zipate joto, kisha osha sehemu ya tairi kwa maji ya chupa kabla ya kuifungua, la sivyo tope litaingia ndani. Weka tyubu mpya. Viraka havishiki vizuri kwenye mpira uliolowa na wenye baridi. Kabla ya kuirudisha tairi, pitisha kidole taratibu ndani yake mzunguko mzima mara mbili. Mwiba hauji peke yake, na ule uliobaki ndio utakaoimaliza tyubu yako ya pili ndani ya kilomita moja.

## Hatua ya 8: Osha baiskeli siku hiyohiyo

Usiioshe ziwani. Hayo ni maji ya kunywa ya watu wengi, na tope la tairi huhamisha viumbe wavamizi kutoka ziwa moja hadi jingine. Katika bwawa la Grafham Water, lililo katika mkoa wa Cambridgeshire, kamba mdogo mharibifu kutoka Ulaya ya mashariki aligunduliwa mwaka 2010. Kwangua tope kubwa palepale ulipomalizia, halafu uoshee nyumbani.

Ioshe kabla tope halijakauka, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi ukikauka hushika kama saruji nyepesi na kukwaruza rangi unapouondoa. Mimina maji kwa ndoo au bomba la msukumo mdogo. Mashine ya maji ya nguvu husukuma mchanga na maji ndani ya habu na beringi, ambako vitakula chuma kimyakimya hadi gurudumu lianze kuyumba.

Anza juu, malizia chini: fremu kwa brashi laini na maji ya sabuni, kisha magurudumu, na mwisho kabisa cheni na sproketi kwa brashi ngumu na ndoo ya pili. Usichanganye brashi hizo, hasa kama una breki za diski, kwa sababu tone moja la oili kwenye diski linatosha kuiharibu breki. Kwa breki za rimu, chomoa mipira utazame: vipande vidogo vya jiwe au chuma vilivyojipachika ndani yake vitolewe kwa ncha ya kisu.

Chomoa nguzo ya kiti, pindua baiskeli, na uache maji yaliyoingia ndani ya fremu yatoke. Ikaushe kwa tambara, hasa cheni, kisha urudie upakaji wa oili kama katika hatua ya 2 jioni hiyohiyo. Cheni iliyooshwa ikaachwa bila oili huanza kutu kabla ya asubuhi.

Siku inayofuata, ikiwa imekauka, pima cheni kwa rula: pingili 12 kamili (kila moja ikiwa jozi ya pingili nyembamba na pana), kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, zinapaswa kuwa na urefu wa sentimita 30.48. Zikikaribia 30.64, nunua cheni mpya sasa, kwa sababu cheni iliyorefuka huyala meno ya sproketi, na sproketi ni ghali kuliko cheni. Zikiwa chini ya kipimo hicho, breki zikabana, na magurudumu yakazunguka bila kukwaruza, baiskeli iko tayari kwa safari nyingine.